Neno kwa Jamaa: Simu haina moyo, mwenye kuishika anao



Juma lililopita, baada ya sala ya shirika la mtaa wetu, mama mmoja mjane alibaki nyuma wakati wengine walipokuwa wakiondoa viti. Alifungua pindo la kitenge chake, akatoa simu ndogo iliyofungwa pamoja na franka zake chache, akaiweka mezani mbele yetu. Akauliza: «Mwalimu, hiki ni kitu cha Mungu ao cha shetani? Kijana wangu mkubwa, yule aliye Kolwezi, hunitumia humu pesa ya masomo ya wadogo wake, nami namshukuru Mungu. Lakini mdogo wake anayekaa nami hapa nyumbani, tangu apate ya kwake, hanisemeshi tena. Yuko ndani ya nyumba, lakini hayuko.»

Hatukumjibu usiku ule. Tulimwomba atupe juma moja tufikiri. Na jibu letu tunaliandika hapa, kwa kuwa tunadhani wapo wazazi wengi wenye swali lile lile ambao hawana mtu wa kuwajibu.

Kwanza tuseme wazi: kitu kilichotengenezwa kwa akili ya mtu, kwa sababu hiyo tu, hakiwi cha shetani. Mungu alipomwumba mtu kwa mfano wake alimpa akili na mikono, akamkabidhi dunia aitunze na kuitumia. Mhunzi wa zamani aliyeyeyusha mawe akapata jembe, na fundi wa leo anayeunganisha nyuzi nyembamba kuliko nywele, wote wawili wanatumia paji moja walilopewa na Muumba.

Kanisa nalo halikuikimbia mitambo. Papa Pius XI alimkabidhi Guglielmo Marconi, mmoja wa mafundi wakuu wa redio, kazi ya kujenga kituo cha redio katika Vatikano, na tarehe 12 Februari 1931 sauti ya Papa ilisikika kwa redio nchi za mbali. Mwaka 1957 Papa Pius XII aliandika barua nzima juu ya sinema, redio na televisheni. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya vyombo vya kupashana habari. Fundisho la hati hizo ni moja: vipaji hivi ni vyema, lakini anayevitumia hawezi kuziweka kando sheria za haki na mapendo kwa sababu tu amepata chombo kipya.

Nasi Wakongomani hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Huko Katanga, karibu na Likasi, kuna machimbo ya Shinkolobwe. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika bomu lililoangushwa juu ya mji wa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka katika udongo ule. Miaka kumi na minne tu baadaye, mwaka 1959, padri mmoja aliyekuwa mtaalamu wa fizikia, Luc Gillon, mkuu wa Universite ya Lovanium, alisimamia kuwashwa kwa mtambo wa nguvu za atomi huko Kinshasa, mtambo wa kwanza wa namna ile katika Afrika nzima. Ule haukuwekwa ili kuua watu. Uliwekwa kwa ajili ya uchunguzi, kufundisha wanafunzi, na kusaidia uganga na kilimo. Jiwe ni lile lile. Urani haikutenda dhambi, wala haikupata stahili. Watu ndio waliochagua.

Basi tukirudi kwa simu ya mama yetu, tuanze kwa kukiri mema yake. Wazee wanakumbuka jinsi mume aliyekwenda kufanya kazi katika machimbo ya Katanga alivyotuma pesa kwa mkono wa msafiri, na jinsi mke alivyongoja miezi, bila kujua kama pesa zimepotea, au msafiri amepotea, au mume mwenyewe amepotea. Leo pesa hufika kabla sufuria ya muhogo haijachemka. Mabenki ya Goma yalipofungwa mwaka 2025 kwa sababu ya vita, familia nyingi zilipata chakula kwa pesa zilizopita katika simu. Mama mwenye uchungu wa kuzaa usiku anaweza kumwita kijana wa pikipiki ampeleke hospitali. Mtu anayedharau mambo haya hajawahi kukaa mlangoni usiku kucha akingoja habari.

Lakini sasa yatupasa kuungama kosa letu sisi wenyewe, kwani haifai mwalimu awahubirie wengine huku anaficha la kwake.

Jioni moja tulipokea ujumbe katika WhatsApp. Ulikuwa na picha ya kijana mmoja, na maneno yaliyosema kwamba huyo huiba watoto karibu na shule, na kwamba kila mwenye kupenda watoto aupeleke mbele upesi. Tulikuwa na orodha ya wazazi wa darasa letu. Tuliogopa kwa ajili ya watoto tuliokabidhiwa. Bila kufikiri hata kwa muda wa Salamu Maria moja, tuliutuma kwa wazazi wote, nasi tukaongeza juu yake: «Wazazi, angalieni, ni kweli kabisa.»

Kesho yake, sokoni, kijana mmoja aliyekuwa akiuza mayai ya kuchemsha alionekana kufanana kidogo na picha ile. Mtu mmoja akapaza sauti: «Ndiye huyu!» Watu wakamzunguka. Mayai yakapondwa, mawe yakaokotwa, na mwingine akaenda kutafuta tairi. Pale alikuwapo mama mmoja muuza sambaza. Aliacha samaki wake, akasimama mbele ya yule kijana akiwa na beseni mkononi, akauliza kwa sauti: «Ni mtoto gani aliyepotea? Jina lake nani? Mama yake yuko wapi, aje hapa tumwone!» Hakuna aliyeweza kujibu. Kila aliyeulizwa alionyesha simu yake. Katika kusitasita huko polisi walifika. Kijana alipelekwa hospitali akiwa amevunjika mkono, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Tulipochunguza baadaye tulikuta kwamba mtu wa picha ile alikuwa wa nchi nyingine kabisa, na picha yenyewe ilikuwa ya miaka mingi nyuma.

Tulikwenda kumwona hospitali. Tulimwambia kwamba ujumbe ulipita mikononi mwetu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza: «Mwalimu, ulikuwa unanijua?» Tukajibu: «Hapana.» Akasema: «Huyo wa picha je, ulimjua?» Tukajibu: «Hapana.» Akasema: «Basi kwa nini uliandika kwamba ni kweli?»

Swali lile hatukuweza kulijibu, wala hatuwezi leo. Tulikwenda kitubio, na padri akatupa malipizi: tupite kwa wazazi wote tuliowatumia ujumbe ule, nyumba kwa nyumba, tuwaambie kwa kinywa chetu kwamba tulisema uongo. Walikuwa jamaa arobaini na moja. Ilituchukua majuma matatu, na katika nyumba tatu tulikuta bado wanaamini. Kuutuma uongo ule kulikuwa kazi ya kidole kimoja.

Wakristu wenzetu, amri ya nane inayokataza kumshuhudia jirani uongo haikufutwa siku simu ilipoingia nchini. Wengi wanadhani kwamba mwenye dhambi ni yule aliyetunga uongo, na kwamba anayeupeleka mbele ni kama mfereji tu, maji yamepita. Hapana. Mfereji hauna akili, sisi tunayo. Watu wa Beni na Butembo wanajua kwa nini tunasema hivi. Ugonjwa wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukaisha mwezi wa Juni 2020, uliua watu 2,287. Katika miezi ile uvumi ulipita simu kwa simu kwamba ugonjwa haupo, kwamba chanjo ni sumu, kwamba waganga wamekuja kufanya biashara ya maiti. Vita na mashaka ya miaka mingi vilikuwa vimekwisha kuwavunja watu moyo, na uvumi ulikuta udongo tayari. Wako wagonjwa waliofichwa nyumbani wakawaambukiza mama zao. Wako waganga na wauguzi walioshambuliwa, hata wengine wakauawa. Amri ya tano na amri ya nane ziko karibu kuliko tunavyofikiri.

Kwa hiyo tunawaomba wasomaji wetu wachukue maswali ya yule mama wa sambaza na kuyafanya desturi. Ujumbe ukikujia, kabla hujaupeleka mbele, uliza: Nani aliyeona jambo hili kwa macho yake? Lilitokea wapi na lini? Na kama si kweli, nani ataumia? Usipopata jibu, uache ufe mikononi mwako. Hakuna mtu atakayekushukuru, lakini Mungu ameona.

Sasa juu ya yule kijana ambaye yuko nyumbani lakini hayuko. Mama, usimvunjie simu yake. Kwanza tukuulize wewe na wazazi wote: mtoto alijifunza wapi? Tumeingia katika nyumba ambamo baba anamkaripia mtoto kwa ajili ya simu, huku jicho lake mwenyewe liko katika simu yake, anatazama mpira wa Ulaya. Mtoto husikia maneno ya baba, lakini hufuata mwendo wa baba. Katika nyumba yetu tumeanza desturi ndogo, nasi tunaisimulia si kwa kujisifu, kwani tulianza tukiwa tumechelewa. Saa ya chakula cha jioni kikapu huwekwa karibu na mlango. Baba ndiye wa kwanza kuweka simu yake, kisha mama, kisha watoto. Simu hukaa kikapuni hata rozari iishe. Siku za kwanza tulikula kimya kama watu waliogombana. Juma la pili mtoto wetu mdogo alianza kusimulia mambo ya shuleni, na tulisikia habari ambazo sisi, walimu wa shule ile ile, hatukuzijua.

Nanyi wanafunzi, tunalo neno lenu. Siku hizi kuna mashine inayoitwa akili bandia. Ukiiuliza swali inajibu, ukiiagiza insha inaandika. Mwaka huu tuliwapa wanafunzi wa darasa la sita la sekondari kazi ya kuandika juu ya nyanya zao. Mmoja alileta ukurasa wa Kifaransa safi kabisa, bila kosa hata moja, wenye jua likizama na mikono yenye mikunjo. Lakini nyanya mwenyewe hakuwemo. Tulimwita mbele, tukamwomba aseme kwa kinywa. Akaona haya, kisha akaanza: jinsi nyanya yake alivyovuka mlima na mtoto mgongoni wakati wa vita, jinsi alivyozika sufuria zake chini ya mgomba, na jinsi alivyorudi baada ya miaka miwili akazikuta, akapika siku ile ile. Darasa zima lilinyamaza. Ule ukurasa wa kwanza tuliupa sifuri. Wa pili, aliouandika kwa mkono wake, ulikuwa na makosa kumi na moja, nao tumeuhifadhi.

Hatusemi kwamba mashine ile ni mbaya. Inaweza kumfafanulia mwanafunzi hesabu asiyoielewa, mahali ambapo mwalimu mmoja ana watoto sabini. Lakini mashine hutunga maneno kwa kufuata mfano wa maneno mengi sana iliyolishwa, na mara nyingine hutoa uongo kwa sauti ile ile inayotoa nayo kweli. Haimjui nyanya yako. Anayeiacha ifikiri mahali pake amefanya kama mtu anayemlipa jirani amchezee mpira, kisha anashangaa miguu yake haipati nguvu. Kanisa linaliangalia jambo hili kwa makini. Tarehe 28 Januari 2025 Vatikano ilitoa hati iitwayo «Antiqua et nova» juu ya akili bandia na akili ya mtu. Naye Papa Leo XIV, aliyechaguliwa tarehe 8 Mei 2025, aliwaeleza makardinali kwamba moja ya sababu za kuchagua jina lake ni Papa Leo XIII, aliyeandika mwaka 1891 barua ya «Rerum novarum» kuwatetea wafanyakazi wakati viwanda vilipokuwa vikigeuza maisha yao. Leo, alisema, mashine hizi mpya nazo zinagusa heshima ya mtu, haki yake na kazi yake.

Kazi ya mtu. Hapo ndipo tunarudi kwa kijana mkubwa wa mama yetu. Anafanya nini Kolwezi? Anachimba kobalti kwa mkono. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka katika nchi yetu, nayo huwekwa katika betri za simu na za magari ya umeme. Koltani ya Rubaya, huko Masisi, hutoa madini yanayotunza umeme katika vijisehemu vidogo vya ndani ya simu. Kasiteriti hutoa bati la kuunganishia nyuzi, na wolframu hutumika katika kile kinachoifanya simu itetemeke mfukoni. Mama aliiweka mezani simu yake kama kitu kigeni kilichotoka ng'ambo, naye hakujua kwamba huenda kipande chake kilitoka katika shimo alimo mwana wake. Kitu kilitoka kwetu, kikazunguka dunia, kikarudi kwetu tukinunue, na faida ikabaki njiani.

Na si watu wazima tu wanaochimba. Mwaka 2016 shirika la Amnesty International lilitoa taarifa iliyoonyesha watoto wakiokota, wakiosha na wakibeba mawe ya kobalti katika nchi ya Katanga. Papa Fransisko alipofika Kinshasa tarehe 31 Januari 2023, aliwakemea waziwazi wale wanaoinyang'anya Afrika mali yake na kuitia damu. Tulishangilia maneno yale, na tulifanya vema. Lakini yafaa tujiulize nasi. Mtoto anayeshuka shimoni si daima ametumwa na mgeni. Mara nyingine ametumwa na baba yake. Sheria ya nchi ya mwaka 2009 ya kulinda watoto inakataza kazi za namna hiyo, na tangu mwaka 2019 Serikali imetangaza kwamba masomo ya msingi katika shule zake, pamoja na shule za Kikatoliki zilizofanya mapatano nayo, hayalipiwi. Twajua umaskini, twajua mshahara wa mwalimu unavyochelewa, twajua kalamu na viatu havitolewi bure. Hata hivyo tunasema: pahali pa mtoto ni darasani, na mzazi anayemtuma shimoni ili apate simu amefanya biashara mbaya.

Basi, mama yetu mpendwa, jibu letu ndilo hili. Simu yako si ya Mungu wala ya shetani. Ni kama panga lililo nyuma ya mlango wako: linakata kuni, na linaweza kukata mtu. Kijana wako mkubwa anaitumia ili asiwasahau wadogo wake, na hapo imekuwa chombo cha mapendo. Mdogo wake anaitumia kujificha, na hapo inamwibia nyumba yake. Nasi tuliitumia kumshuhudia uongo kijana tusiyemjua, aliyekuwa akitafuta chakula chake. Simu zote tatu zilitoka katika kiwanda bila moyo. Mioyo ilikuwa yetu.

Kijana wa mayai amepona mkono, lakini hauzi tena katika soko lile. Tumemsaidia kupata mtaji mdogo, naye anauza mahali pengine. Tukikutana hutusalimu kwa heshima, nasi kila mara tunainamisha kichwa kwanza.

Tunawaomba neno moja kwa Dominika ijayo. Mkitoka Misa, kila jamaa iweke simu zote katika kikapu kwa muda wa chakula kimoja tu. Baba aanze. Kisha kila mmoja aseme ni nani aliye mbali ambaye hajamwita siku nyingi: mzee kijijini, ndugu machimboni, mgonjwa hospitali. Mkimaliza kula, toeni simu moja, mmwite mtu huyo, na wote wa nyumba wamsalimu. Mama yetu ameahidi kumwita kijana wa Kolwezi, na kumpa simu mdogo wake amsemeshe wa kwanza.

Mungu azibariki jamaa zenu.